Samadi Mbichi Kwenye Maua Yako

Mama, shikamoo.

Nimekaa nje, ubavuni mwa nyumba, kwenye kiti chako cha kamba, miguu yangu karibu iingie ndani ya bustani yako. Ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Ukungu umepanda kutoka bondeni na zizi la kaka Yona silioni, nasikia tu ng'ombe wanatafuna. Kesho unatimiza mwaka tangu ututoke. Mchungaji atakuja kubariki msalaba mpya kaburini, watu watakula wali, na Yona ameniambia nisimame niseme maneno machache kwa niaba ya watoto. Maneno machache! Mimi huyu unayenijua, niliyefukuzwa kwaya kwa kuongea. Kumbe nina neno moja tu, na kwa hilo moja nimekonda. Nimeona nikuambie wewe kwanza.

Lakini najua hutasikia la mtu kabla hujaambiwa habari za maua. Hata nilipokuwa nikikupigia simu kutoka Muheza, pale kwenye kibanda changu cha machungwa, uliniuliza mvua ya huko kabla ya kuniuliza wajukuu. Basi sikia. Dalia nyekundu zimechanua, zile za njano zimedumaa. Mayungiyungi meupe yamejaa upande wa mfereji. Waridi la dirishani lilishikwa na kutu, nikalikata mpaka chini kama ulivyokuwa ukifanya, nikalia huku nakata, na sasa lina machipukizi matatu. Magugu yapo. Sangari nimeipunguza. Kishonanguo nakiwahi kabla hakijatoa mbegu zake za kunasa nguo. Ila mchicha pori, Mama, mchicha pori umenishinda. Masika niliung'oa wote, juzi nimefika umeota tena, mwekundu, mwembamba, mwingi, kama vile sijawahi kufika.

Nang'oa kwa njia yako. Napiga magoti juu ya kiroba, nasubiri udongo ulowe, nashika shina chini kabisa, natikisa kidogo, navuta na mzizi wote. Ulikuwa ukisema, "Ukikata jani umelipunguzia mzigo tu." Nakung'uta udongo urudi mahali pake. Halafu nayaanika kwenye kamba ya nguo, mizizi juu, maana huku kwetu gugu ukiliacha chini siku mbili za ukungu linashika tena ardhi na kuendelea na maisha. Majirani walivyokuwa wakikucheka! Mama Zawadi wa ng'ambo ya njia hakupita bila kupaza sauti, "Mama Yona, leo umefua magugu?" Nawe ukamjibu, "Nimefua, njoo unipigie pasi." Jana alipita akaona kamba imejaa, akasimama. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akaenda zake.

Miaka yote hukuruhusu mtu kugusa bustani hii. Yalikuwa maua ya madhabahuni. Kila Jumamosi ulichuma, ukafunga kwa ukamba wa mgomba, ukayabeba kichwani kwenye beseni mpaka kanisani, mzee wa kanisa mzima na matone ya maji yanakutiririka shingoni. Na sheria zako zilikuwa nyingi, kubwa kuliko zote ikiwa ni ya samadi. Samadi ya ng'ombe haiingii kwenye maua mpaka ikae miezi sita chini ya majani ya mgomba, igeuke nyeusi, iache kunuka zizi, inuke udongo. Ng'ombe anakula majani ya kando ya njia pamoja na mbegu zake, ulisema, na mbegu nyingine hazifi tumboni. Ulinifundisha hilo nikiwa sijui hata kusoma. Kwa hiyo nilikuwa najua, Mama. Siwezi kusema sikujua.

Sasa neno lenyewe.

Ulipolazwa mwanzoni mwa masika, nilifunga kibanda nikapanda huku. Yona alikuwa kwenye kazi yake ya chai, anarudi mwisho wa juma, na nyumba ulimwachia mkewe Tabea. Mimi nikakaa nawe hospitali. Wiki ya kwanza ile ile ukanituma nyumbani nikakuletee kanga na Biblia. Nilifika asubuhi, Tabea kaenda kukata majani ya ng'ombe. Nikaangalia maua yako, nikaona majani yamepauka, nikasikia uchungu. Nikasema moyoni, Mama akirudi ayakute yamenawiri, atapona kwa furaha. Rundo lako la samadi ya zamani lilikuwa limeisha. Nikaenda zizini kwa Tabea, nikachota makarai manne ya samadi mbichi, bado inatoa mvuke, nikaimwaga, nikaifukia kwa mikono. Nikanawa, nikachukua kanga zako, nikawahi gari. Haraka yangu unaijua. Wewe mwenyewe ulisema hata kuzaliwa nilizaliwa njiani.

Ulikaa hospitali wiki tano, na mvua ikanyesha wiki tano. Tabea akapalilia mahindi, akalisha ng'ombe, akafagia uwanja kila siku. Bustani hakuigusa kwa sababu ulikataza isiguswe.

Siku tuliyokurudisha ulishuka garini umeniegemea, mwepesi kama kikapu kitupu. Hukuingia ndani. Ulizunguka moja kwa moja ubavuni mwa nyumba. Na pale palipokuwa na maua palikuwa na pori mpaka kiunoni, mchicha pori, mnavu, nyasi za kila namna, dalia moja tu inachungulia. Ulichota udongo, ukaunusa. Ukasema, "Samadi mbichi." Kisha ukamgeukia Tabea, aliyekuwa amesimama na kikombe cha maji yako ya kunywa. "Ya ng'ombe wako hii. Umeniulia maua."

Nilikuwa nimekushika mkono, Mama. Mkono huu huu ninaoandikia. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Tabea alinitazama mara moja, akateremsha macho, akapiga goti na kikombe chake, akasema, "Nisamehe, Mama." Na mimi nikanyamaza! Nilijiambia, mgonjwa ametoka safari, nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko barabara ya kupanda kutoka Mombo, na kona zake zote nimezipiga.

Nawe hukumwambia umemsamehe. Ulisema, "Nimesikia." Basi. Ukaomba kiroba chako.

Daktari alikuambia ulale. Ulilala lini? Umande ukikauka tu uko chini, unajiburuta, na mimi pembeni yako, tunang'oa. Ukikohoa unashika shina la waridi, miiba inakuchoma na husikii. Jioni nilikuwa nakuogesha, natoa udongo kwenye kucha zako kwa kijiti, nawe unanisifu. "Bila wewe, Rahel, ningeshazikwa." Jamani, Mama. Mtu anasikiaje maneno hayo halafu ale chakula kikapita kooni? Nilipitisha. Nilikula na kulala, na asubuhi nikaamka tukaenda kung'oa magugu yangu.

Tabea alileta uji kila siku. "Weka hapo," ulimwambia, ukauacha upoe, nikaupasha mimi, ukanywa kutoka mkononi mwangu. Na kwenye sala ya jioni, wote tumeinama, ukifika pale pa kusamehe wanaotukosea ulikuwa unakohoa. Kifua kilikuwa kibaya, najua. Lakini kuna siku hukukohoa mahali pengine popote.

Daktari ameniambia ni ugonjwa uliokuchukua, magugu hayana kesi. Nimemuuliza mara mbili, mara ya pili akanikazia macho. Bado nayaona magoti yako kwenye udongo ule wa baridi. Sijui kama ungekaa nasi mwezi zaidi, au wiki. Hata siku moja ningeitaka.

Wiki ya mwisho ulisema maua ya jeneza lako nichume mimi. "Yule asiguse," ulisema, na Mama Zawadi alikuwepo, amekuja kukuona, akasikia. Nikachuma. Uwanja umejaa watu, wanawake wote wa kanisa wanaangalia, mke wa mwanao wa kwanza kasimama jikoni anakoroga sufuria, mimi nazunguka na beseni lako nachuma dalia. Kila mtu alielewa, au alidhani ameelewa.

Tangu siku ile Tabea ana jina. Wanasema ana mkono mbaya, akigusa kitu kinakufa. Usoni hawamwambii. Unajua watu wetu, wao wanaguna tu, na mguno hauna wa kuushtaki. Ametoka mbali, Mtae kule ukingoni, hana dada wala shangazi hapa wa kumsemea. Mama Zawadi aliyekuwa akimpa miche ya kabichi kila msimu hampi tena. Zamu ya kupamba madhabahu ilipoandikwa upya, jina lake likarukwa. Na Yona wako, unayemsifu kwa upole, anarudi kutoka kwenye chai, anakula, anashukuru, analala. Hajawahi kumuuliza mkewe hata mara moja.

Mimi nilikuwa Muheza. Nilijifanya sijui. Masika haya nikapanda huku kusaidia kupanda maharage, na siku hiyo ilikuwa kiwili kwa Mama Zawadi, leo tulime kwake, kesho kwetu. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja tumejipanga kwenye matuta. Mama Zawadi akapita anagawa mbegu viganjani, mmoja mmoja. Alipofika kwa Tabea akafunga kibuyu. Akasema kwa upole kabisa, "Wewe Mama Nuru una nguvu, mwanangu, shika jembe uchimbe mashimo." Tabea akaitikia, "Haya, mama." Akachimba mashimo mchana kutwa, na nyuma yake mwanamke mwingine anadondosha maharage. Ungemsikia alivyoitikia. Aliitikia kama mtu aliyekwisha kuzoea.

Jioni nikamfuata zizini. Alikuwa akikatakata majani ya ng'ombe kwa panga. Nikamwambia yote, makarai manne, mvuke, kanga, gari. Sikupamba kitu. Hakuacha kukata. Akasema, "Wifi, najua."

Alijua tangu siku ile ile, Mama! Aliporudi na mzigo wake wa majani alikuta karai halipo mahali pake, na alama za viatu vyangu vya mjini, vile vyenye visigino, zimetoka zizini mpaka kwenye maua yako na kurudi. Akafikiri umenituma wewe, kwa hiyo hakuuliza. Alikuja kujua kwamba hukunituma pale uliponusa udongo. Na alipokuwa anapiga goti mbele yako kuomba msamaha, alikuwa anajua ni msamaha wa nani.

Nikampigia kelele, maana mimi nikiona aibu napiga kelele. Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Mdomo ulikuwa huna? Akaweka panga chini. Akaniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa unamwogesha. Angekufukuza, nani angemwogesha? Mimi ni mkwe, mwili wake si wa macho yangu." Halafu akaokota panga, akaendelea.

Nilikaa pale pale chini, Mama, kwenye mavi ya ng'ombe, na gauni safi nililotoka kubadilisha. Nililia mpaka yule ng'ombe mweusi akaacha kula akanitazama.

Nilipopata pumzi nikamwambia nitasema kwa watu wote. Akakataa. Akasema Mama amelala, usimwamshe. Watasema mzee wa kanisa alikufa na kinyongo cha bure, na maua yake yote ya madhabahuni yatageuka hadithi ya kuchekea kisimani. "Acha tu, wifi. Jembe si zito." Na unajua nilifanya nini? Nilishukuru. Nilishuka Muheza siku ya pili, nimepata ruhusa ya kunyamaza, nimeipata kwa mtu niliyemkosea. Nimekaa nayo miezi minne. Usiku silali, mchana napunja wateja bila kukusudia, nawarudishia machungwa pungufu wananitukana.

Juzi nimefika kwa ajili ya shughuli yako. Nikamwambia Tabea, wifi, Jumapili tuchume pamoja maua ya kaburini, mimi na wewe. Akatikisa kichwa. "Mama alikataza." Nikamwambia Mama alikataza kwa sababu hakujua. Akasema, "Alikataza." Mwaka mzima, Mama, anaishi hatua tatu kutoka kwenye maua haya na hajanyoosha mkono kung'oa hata jani moja la mchicha pori, kwa sababu neno lako bado limesimama hapa kama ukuta. Anapita na ndoo yake ya maji anakunja kanga isiguse majani. Nimemwona kwa macho yangu leo asubuhi.

Hebu tuongee kama watu wazima, basi. Wewe ulikuwa mkali, na nilikupenda na ukali wako, sijui mtu mwingine angenilea akaniweza. Lakini heshima yako ameibeba nani mwaka huu? Wewe kesho utasifiwa. Watasema mama wa sala, mama wa maua, na vyote ni kweli. Yeye atakuwa jikoni anakoroga. Binti yake Nuru ameshavunja ungo, siku si nyingi watakuja watu wa kuposa, na wataulizia kwa majirani kama desturi, mama wa binti ni mtu wa namna gani? Unajua watajibiwa nini. Hapo ndipo nilipokata shauri. Aibu yangu ningeweza kwenda nayo kaburini, ni mwoga wa kutosha. Ya yule mtoto siwezi.

Kwa hiyo kesho, Mama, nitakuvunjia heshima. Nimefikiri njia ya kusema langu bila kusema lako, nimefikiri tangu Mombo mpaka hapa, haipo. Nikisema ni mimi niliyemwaga samadi tu, watasema, mbona basi marehemu alimkataa mpaka dakika ya mwisho, lazima kulikuwa na jingine. Nitaanza na makarai yangu manne. Nitasema nilikuwa nimekushika mkono na nikanyamaza. Kisha nitasema uliombwa msamaha na mtu ambaye hakukosa, na hukumpa. Nitasema hivyo mbele ya mchungaji, mbele ya Mama Zawadi, na Yona asikie vizuri. Wa kuguna wagune. Halafu nitampa Tabea beseni na nitamwomba achume, na mimi nitapiga goti nisubiri. Akikataa nitakaa pale pale. Wali utapoa.

Sijui huko uliko mnasikia nini. Nimekukumbuka sana. Nimekumbuka hata kugombezwa. Kuna siku hapo kibandani mtu aliniuliza kwa sauti kali, machungwa haya umeyapanga wewe?, nikageuka nikidhani ni wewe.

Lala salama, mama yangu. Nakuahidi nitapanda huku kila mwezi, mvua isinyeshe au inyeshe, na bustani hii tutaipalilia wawili, mimi na wifi, mpaka mbegu zangu ziishe ardhini, hata kama ni miaka. Na kesho nikishasema, ukikasirika, kasirika, ni haki yako. Ila usimtafute mwingine. Nikasirikie mimi.

Mwanao,
Rahel